Siku Mto wa Sarikhun Ulipopungua

Mehrnigar halali karibu na ukuta wa upande wa mto. Tangu aolewe hapa Sarikhun, kitanda chake kiko upande wa mlima, na wageni wakija ndio wanaotandikiwa kule kwenye ukuta wa mto, wakidhani wamepewa nafasi ya heshima. Alisoma Lahore, akafanya kazi miaka kadhaa Islamabad katika kampuni ya mita za umeme, na huko ndiko alikojifunza kuvitayarisha vile vibao vya kompyuta vidogo kama kiganja cha mtoto, mpaka viamke vyenyewe na kuendesha Linux, ule mfumo wa kompyuta, bila mtu kuvishika mkono. Elimu hiyo yote haikumtoa hofu aliyokuja nayo kutoka kwao. Kijiji alichozaliwa, bonde la pili kutoka hapa, kilichukuliwa na maji ya barafu akiwa bado mtoto wa shule. Anachokumbuka si maji. Anakumbuka vumbi. Maji yalikuja yakitanguliwa na wingu la vumbi, na mama yake, mikono ikiwa na unga, akauliza, "Nani anafagia huko juu?"

Kwa hiyo aliporudi milimani na kusikia kwamba ziwa lililo juu yetu, chini ya ulimi wa barafu, linakua kila kiangazi, hakungoja kuombwa. Alitengeneza vibao viwili. Kimoja alikiweka ziwani, ndani ya sanduku la bati, kikiwa na kihisi cha kupima kina, betri, na sola juu ya nguzo. Cha pili alikiweka kwenye chumba cha stoo cha shule, ambayo iko juu ya mashamba yote, kikiwa kimeunganishwa na king'ora. Cha juu kilipima maji na kupeleka habari kwa redio. Cha chini kilisikiliza. Maji yakipanda kupita kiasi, king'ora kingelia.

Mlinzi wa ziwa ni baba mkwe wake, Toyghun Shah, ambaye kila kiangazi hupanda huko na mbuzi na yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, na kulala kwenye kibanda cha mawe juu ya ukingo. Siku Mehrnigar alipofunga lile sanduku, mzee alilizunguka kama mtu anayenunua fahali.

"Hiki kidude kinakula nini?"

"Jua, Baba."

"Na usiku?"

"Kinakula betri."

"Kwa hiyo hakilali?"

"Hakilali."

"Maskini! Hata yaki analala. Sikiliza, mwanangu. Siku ziwa likiwa limetulia nitakuwa nakipumzisha. Likianza kuguna, nitakiamsha."

Mehrnigar alishika mkono wake. "Baba, tafadhali. Ukichomoa waya huu kinasahau saa. Vibao hivi havina betri ya kushikilia saa, nimeziagiza Rawalpindi na barabara imefungwa na maporomoko. Nimekitajia saa leo kwa mkono. Usiguse."

"Haya, haya. Sigusi."

Lakini hapa kwetu chochote kinachofanya kazi hupumzishwa. Shamba hupumzishwa, kinu cha maji hupumzishwa, punda hupumzishwa katikati ya safari hata kama mvua inakuja. Koleo lenyewe likimaliza kazi hulazwa kifudifudi, lisiendelee kutazama udongo. Mtu anayekichosha chombo chake tunamwona hana huruma. Mehrnigar alikuwa mkwe wa hapa kwa miaka mingi na alilijua jambo hili, ila hakudhani kwamba huruma hiyo ingefika kwenye sanduku la bati.

Ili ieleweke kwa nini siku mto ulipopungua alikuwa na hofu mbili badala ya moja, lazima kisa cha mwaka uliotangulia kijulikane. Mawasiliano yalikatika, kisha yakarudi, na kibao cha juu kikaumwaga kwa mkupuo ujumbe wote kiliokuwa kimeuweka, pamoja na ule wa majaribio, wa siku Mehrnigar alipokizamisha kihisi kwa makusudi kuona kama kinafanya kazi. King'ora kikalia. Kijiji kizima kikakimbilia jamatkhana, nyumba ya ibada, kule juu. Maji hayakuja. Bibi Khoshgul, aliyekuwa anatufundisha sote kufuma, aliteleza kwenye ngazi za mawe, akavunjika nyonga, na kabla ya theluji kuanguka tukamzika. Hakuna aliyemwambia Mehrnigar neno baya msibani. Walimkaribisha chai ya chumvi kama kawaida.

Kamati ya kijiji ilikata shauri kwamba asiwepo mtu wa kukipiga king'ora kwa mkono. Kitufe kiliondolewa, na sanduku la swichi likapigwa kufuli, ufunguo ukawa kwa mwenyekiti, Daulat Amin. Mehrnigar naye akaongeza sheria yake ndani ya kibao cha chini: ujumbe wowote ambao saa yake haikaribiani na saa ya sasa, utupwe. Kisiwashe taa, kisilie. Kiutupe tu kimya kimya.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, na joto lilikuwa la kutisha. Aprikoti zilizoanikwa juu ya mapaa zilikuwa zimekunjamana kabla ya adhuhuri. Mehrnigar alikuwa njiani kwenda shuleni na mfuko wa vifaa begani, kwa sababu ile taa ndogo ya kijani kwenye stoo, inayoonyesha kwamba kibao cha juu kinasikika, ilikuwa imezima tangu juzi. Radi ilikuwa imepiga karibu na shule wiki ile. Alihisi kibao cha chini ndicho kilichoungua, na alikuwa anakwenda kuweka kipya.

Kwenye kona ya mnara wa maji alikutana na wifi yake, Gulafroz, na wanawake wengine wamebeba majembe na vikapu, na katikati yao Zamrud, binti yake Mehrnigar, kofia yake nyekundu imeinama upande.

"Ya Ali madad, fundi!" Gulafroz alisalimia. "Unakwenda kumwamsha mtoto wako wa bati?"

"Mola Ali madad. Na ninyi mnakwenda wapi na jua hili?"

"Viazi vya ng'ambo. Leo hatupiti hata darajani, tunakata hapo hapo chini. Mto umepata adabu, maji hayafiki magotini. Njoo uone, labda nawe utanawa miguu kabla hujazeeka."

Wanawake walicheka. Mehrnigar hakucheka. "Umepungua? Kwa joto hili?"

"Umepungua, ndiyo. Tumshukuru Mungu au tumfungulie kesi?"

"Zamrud, baki na mimi."

"Mama, huko shuleni hakuna mtu! Wenzangu wote wanakwenda."

"Mwache mtoto, wifi," Gulafroz alisema kwa sauti ya upole zaidi. "Wewe ukiona beseni la kufulia unatafuta mlima. Utamrithisha huo woga wako, halafu nani atamwoa?"

Mehrnigar aliangalia nyuso zile. Aliona vile wanavyojizuia wasitaje jina la Bibi Khoshgul. Akauachia mkanda wa kikapu cha mtoto ambao, kumbe, alikuwa ameushika.

Chumba cha stoo kilinuka chaki na panya. Alikichomoa kibao cha zamani, akachomoa na plagi ya king'ora, kama wanavyofanya mafundi wote wa kazi hii, maana kibao kinachoamka mara ya kwanza kinaweza kufanya lolote. Akakiweka kipya mezani. Linux alikuwa ameshaiandika kwenye kadi nyumbani. Akaisukuma kadi mahali pake, akahamisha kile kidaraja kidogo cha plastiki, kinachokiambia kibao kianzie kwenye kadi na si kwenye kumbukumbu yake tupu, akaunganisha waya wa nyuzi tatu na kompyuta yake: unaosema upande huu kwa unaosikiliza upande ule, unaosikiliza kwa unaosema, na wa tatu wa ardhi. Kisha akakipa umeme.

Wakati huu daima ulimtisha. Kioo kinakuwa cheusi, na fundi hana la kufanya ila kungoja. Halafu mistari ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, kibao kikijihesabu viungo: hii kumbukumbu yangu, hii kadi yangu, hii redio yangu. Akavuta pumzi.

Taa ya kijani ikawaka. Mara ikawaka nyekundu.

Nyekundu ni hatari. Nyekundu ndiyo inayopiga king'ora, na kama plagi isingekuwa imechomolewa, kingekuwa kinalia. Mehrnigar alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mambo yale yale, aliwaza. Ni mambo yale yale ya mwaka jana. Kisha akaona tarehe kwenye kioo. Mwaka wa 1970. Bila shaka. Kibao kisicho na betri ya saa kikiamka hudhani ulimwengu umeanza siku ya kwanza ya mwaka 1970, na ndiyo kwanza kimeamka, hajakitajia saa. Akaandika tarehe ya leo na saa ya sasa, akabonyeza. Taa nyekundu ikazima. Ya kijani pia ikazima.

Nzi mmoja aligonga dirisha.

Aliokota kiti, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akainywa nusu. Ndipo swali likamjia taratibu, kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Kama kibao kipya kimeamka na afya njema, kwa nini taa ya kijani imezima tena? Na ile nyekundu ilisikia nini?

Akafungua orodha ya ujumbe uliotupwa. Ulikuwa unashuka wakati anautazama. Umetupwa, wa zamani. Umetupwa, wa zamani. Kila mmoja una kina cha maji, na kila kina kikubwa kuliko kilichotangulia, kwa kipimo kidogo kile kile, bila kuruka. Na kila mmoja una tarehe: siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, mwaka wa 1970.

Kibao cha juu kilikuwa kinapiga kelele kutoka mwaka ambao yeye alikuwa hajazaliwa. Kile cha chini, kilipokuwa nacho katika mwaka huo huo wa uongo, kilimsikia mwenzake na kumwamini. Yeye ndiye aliyekisahihisha, na kwa kukisahihisha akakiziba masikio.

Au la. Hofu ya pili ikanyanyua kichwa. Pengine betri ya juu imechoka. Pengine kihisi kimejaa matope na kinaota. Aliona ngazi za mawe na kiatu cha Bibi Khoshgul kimebaki peke yake kwenye ngazi ya katikati. Mara ya pili wasingemkaribisha chai. Na baada ya mara ya pili hakuna ambaye angekikimbia king'ora tena maishani, hata siku ya kweli.

Akajilazimisha kusoma. Betri iliyochoka hukiangusha na kukiamsha kibao kila mara, na kila kikiamka huanza hesabu upya. Hapa hesabu ilikuwa moja, haijakatika, na ilikuwa changa. Haikuwa imetimiza saa tangu ianze. Kilikuwa kimezimwa tangu juzi, kisha leo, muda mfupi uliopita, kikawashwa. Betri iliyokufa haifufuki hivyo. Mkono wa mtu ndio uliorudisha waya.

*Likianza kuguna, nitakiamsha.*

"Ee Baba," Mehrnigar alisema kwa sauti, peke yake mle chumbani. "Ulikipumzisha."

Hapo ndipo mto ulipomrudia kichwani. Siku ya joto kama hii mto unapaswa kunguruma. Maji yasiyofika magotini ni maji yaliyozuiwa mahali. Barafu imeziba mlango wa ziwa, na ziwa linajaa nyuma yake, na Zamrud yuko ng'ambo, kwenye viazi.

Kitufe hakikuwepo. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye sanduku la swichi, na ufunguo ulikuwa mfukoni kwa Daulat Amin, ambaye alikuwa shambani kwake kando ya mto. Njia ilikuwa moja tu: kibao chenyewe kiamini. Akachomeka plagi ya king'ora. Akaandika tarehe, akakosea, kikakataa. Akafuta, vidole vikagonga herufi mbili kwa pamoja, kikakataa tena. Mara ya tatu akaushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaandika kidole kimoja kimoja, akairudisha saa ya kibao mpaka 1970, huko ambako mwenzake alikuwa anakiita.

King'ora kikalia. Vioo vya madirisha vikatetemeka.

Alipotoka nje, hakuna aliyekimbia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko mengine yote. Bondeni watu walikuwa wamesimama wima mashambani, mikono kiunoni, wanatazama juu shuleni. Daulat Amin alikuwa amekunja mikono mdomoni kama tarumbeta.

"Mehrnigar! Kizime hicho!"

"Maji!" alipiga kelele. "Maji yanakuja, mwenyekiti! Pandeni!"

"Yapi? Mwaka jana yalikuja? Kizime kabla hujatuulia bibi mwingine!"

Alishuka mbio matuta ya mashamba, akiruka kuta za mawe, mtandio umemwanguka. Alifika kwenye tuta la mwisho, kutoka hapo Gulafroz alionekana wazi ng'ambo, kwenye ukingo wa mto, jembe begani, mdomo umepinda kwa kicheko cha kumwonea huruma.

"Wifi!" Mehrnigar aliita, na sauti ilitoka si yake. "Gulafroz! Tazama miguuni kwako! Mto umekwenda wapi?"

Gulafroz alitazama chini. Asubuhi palikuwa na maji yasiyofika magotini. Sasa yalikuwepo mawe tu, meupe, yanakauka, na samaki mmoja mdogo anaruka kwenye kidimbwi. Jembe lilimwanguka. Akamshika Zamrud mkono, akaanza kukimbilia nyumbani, kuelekea mtoni.

"Usivuke! Usivuke, panda huko huko! Panda kwa wachungaji!"

Gulafroz alisimama kidogo, na kwa ule muda Mehrnigar aliona mambo yote mawili yakiwezekana. Kisha kofia nyekundu ikageuka na kuanza kupanda mteremko wa ng'ambo, na wanawake wengine wakafuata, vikapu vinamwaga viazi. Upande wetu Daulat Amin alikuwa ameacha kutukana. Alikuwa anawasukuma wazazi wake juu kwa mabega.

Vumbi ndilo lililofika kwanza. Lilitokea kwenye kona ya bonde, la kahawia, refu kuliko ile miti mirefu ya popla, na nyuma yake ardhi ikaanza kusaga meno.

Maji yalichukua mashamba ya viazi ya pande zote mbili, bustani ya aprikoti ya chini, daraja na nyumba ya Daulat Amin pamoja na kufuli zake zote. Hayakumchukua mtu. Lakini Mehrnigar hakujua hilo mpaka jua lilipokaribia kutua na vumbi kushuka, na ng'ambo, kwenye paa la kibanda cha wachungaji, mtu akapunga kitu chekundu. Alikaa chini pale pale kwenye jiwe. Walipomletea maji ya kunywa aliyasukuma, hakuweza kuyatazama.

Toyghun Shah alishuka kesho yake kwa njia ya mbuzi, nyusi zimejaa vumbi. Alimkuta mkwe wake bado ukingoni, anaitazama ng'ambo ambako hapakuwa na daraja la kufikia. Ingechukua siku kadhaa kufunga kamba ya kuwavusha.

"Kililia?" mzee aliuliza.

"Kililia, Baba."

"Nilijua tu. Kilikuwa kimepumzika vizuri."

Mehrnigar alimgeukia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yenye makali. Mzee alikuwa anatetemeka miguu kwa ule mwendo, na mkononi alikuwa bado ameshika kipande cha ile sola, hajui kwa nini amekibeba.

"Kilipoamka," alimwambia taratibu, "kilidhani ni mwaka wa 1970. Kikawa kinaita na sisi hatusikii. Nilimfundisha mwenzake asisikilize sauti za zamani."

"Mwaka huo nilikuwa mvulana mdogo," mzee alisema. "Hata mimi ningeita, nani angenisikiliza?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Mtoto yuko wapi?"

"Pale. Ile nyekundu."

Alikaa jiwe lile lile, wakaitazama pamoja.

Betri za saa zilifika vuli, barabara ilipofunguliwa. Mehrnigar aliandaa vibao vipya viwili, na ile sheria aliiandika upya: ujumbe wa saa isiyoeleweka usitupwe tena, uwashe taa na umwite mtu. Mzee mwenyewe alikibeba kile cha ziwani, na waya wa betri aliufunga kwa kamba ya nywele za mbuzi, mafundo mengi, ya kumzuia mkono wake mwenyewe.

Kitufe kimerudishwa, na ufunguo anao Mehrnigar. Hakuuomba. Huuvaa shingoni, chini ya nguo, na siku za joto, mto ukinyamaza hata kidogo, utamwona ameweka kiganja juu ya meza, au ukutani, au ardhini, anasikiliza kama kuna kinachotetemeka.